Hii Haina Pete

Baba aliuza lenzi zake tatu, na mpangilio wake naujua kama wimbo wa darasa la kwanza. Ya mm 28 iliondoka mwaka nilioingia kidato cha kwanza, ikageuka godoro, sanduku la bati na viatu vyeusi vya ngozi. Ya mm 135 iliondoka nikiwa kidato cha tatu, baada ya kutumwa nyumbani kwa sababu ya karo mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya mm 50 ndiyo ilikaa muda mrefu zaidi. Hiyo aliiuza wiki ile barua ya chuo kikuu ilipofika.

Kilichobaki ni mwili wa kamera peke yake, Pentax K1000, mdomo wake umezibwa na kifuniko cha plastiki, ukining'inia kwenye msumari sebuleni kwetu Masii, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi yao.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu.

Watu hupenda nikisema ni karo. Ikiwa ni karo, kila mtu anatikisa kichwa, analaumu serikali, tunaendelea kula. Ukweli ni kwamba karo ilikuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nasomea Takwimu, nilikuwa na mitihani minne ya kurudia, na asubuhi moja nilikaa kitandani hosteli nikiwasikia wenzangu wakitoka kwenda darasani, nikajua kwamba siendi. Na si siku hiyo tu. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuwaandikia watu makala za mitandao yao: bima ya mbwa huko Marekani, jinsi ya kutoa doa la divai kwenye zulia. Sijawahi kuwa na zulia. Lakini pesa zilikuwa zinaingia, kidogo kidogo, na zilitosha kodi ya chumba Kayole.

Baba hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lilinimaliza. Mama alilia, shangazi alipiga simu, pasta alitumwa. Baba alisema tu, "Haya, mama," (ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake) akaenda kuangalia ng'ombe.

Krismasi iliyofuata nilimwomba kamera. Aliitoa kwenye msumari, akapuliza vumbi, akanipa.

"Chukua. Lakini haina macho."

Nikajiambia, sawa, nitaitafutia macho. Nilidhani ni kazi ya siku moja.

Kabla sijafika hapo, wacha nieleze kazi ya Baba, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini lenzi ni jambo kubwa hivi kwetu. Alikuwa mpiga picha wa Uhuru Park. Wale waliokuwa wakitembea na kamera shingoni Jumapili na sikukuu, wakikuambia simama hapo karibu na maji, shika mkono wa mtoto, usicheke sana. Unalipa nusu, anakupa karatasi ndogo, unarudi wiki ijayo kuchukua picha yako. Wengine hawakurudi. Tuna katoni nzima nyumbani ya watu waliolipa nusu: wapenzi, askari, mama na mapacha, msichana mmoja aliyevaa gauni la njano ambaye nilikuwa namwita dada nilipokuwa mdogo kwa sababu picha yake ilikaa kwenye kabati letu miaka yote.

Alikuwa anatumia ile ya mm 50 karibu kila siku. Jua likiwa kali na filamu ni ya ASA 100, aliweka tundu kwenye 11, shata kwenye 250, fokasi kwenye mita 3, basi. Hakugusa tena. Kwa mpangilio huo, kila kitu kuanzia mita 2 hadi karibu mita 5 kinatoka safi, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuhesabu hatua tu. Aliweza kumpiga mtoto anayekimbia bila kuweka jicho kwenye dirisha. Ile ya 28 ilikuwa ya familia kubwa na makundi ya kwaya. Ya 135 ilikuwa ya siku za sherehe, ukitaka sura ya mtu aliye mbali jukwaani.

Halafu simu zikaja na kamera ndani. Hiyo hadithi kila mtu anaijua.

Sasa, kosa langu. Niliingia mtandaoni nikatafuta lenzi ya Pentax, Nairobi. Nikapata kijana anauza moja, Pentax ya 18-55, safi, haina hata mkwaruzo, elfu 6. Nikamuuliza kama itaingia kwenye K1000. Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, na naikumbuka mpaka leo: "Siste, Pentax ni Pentax."

Na kusema kweli, iliingia. Tulikutana katikati ya jiji, nikapanga nukta nyekundu ya lenzi na ya kamera, nikazungusha, ikalia *klik*. Nikatazama kwenye dirisha, nikaona barabara, matatu, watu, kila kitu kinang'aa. Nikazungusha, picha ikasogea karibu. Nilifurahi mpaka nikamwachia mia mbili ya nauli.

Wiki tatu baadaye ilikuwa ntheo ya binamu yangu. Ntheo ni siku ya mbuzi kwetu Ukambani; mbuzi wakishapokewa, huyo msichana ameposwa, hakuna mjadala. Binamu yangu ni mtu wa Instagram na alikuwa anataka picha za filamu, zile za rangi ya zamani ambazo kila bibi harusi wa Nairobi anataka siku hizi. Alikuwa na mpiga picha wake wa dijitali, lakini mimi alinilipa elfu 5 mbele, pesa yangu ya kwanza ya kamera maishani. Nilinunua filamu mbili za ASA 200. Nilipiga picha 72. Nilimpiga Susu, yule niliyepewa jina lake, akiwa ameshika sikio la mbuzi kama anayemwambia siri. Nilipiga wazee wakihesabu. Nilipiga wanawake wakiingia na nyimbo. Baba alikuwa ameketi chini ya hema na wazee wenzake, na kila nilipopita niliona anaangalia kamera, si mimi.

Fundi wa kuosha filamu alinipigia simu badala ya kutuma meseji. Ukiona hivyo, jua.

Negativu zilikuwa karibu tupu. Picha za nje kwenye jua zilikuwa zimetoka hafifu sana, kama mtu ameziandika kwa penseli na kuzifuta. Za ndani ya hema hazikutoka kabisa. Na zile nilizopiga nikiwa nimevuta lenzi mpaka 18, pembe zake zote nne zilikuwa hazina kitu, duara tu katikati. Fundi alinitazama kwa huruma akasema, "Ama mita imeharibika?" Nikasema labda. Nilijua kuna kitu kingine lakini sikukijua jina.

Nilimrudishia binamu yangu elfu 5 yake. Alinitumia emoji ya moyo, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Nilichukua gari pale stendi ya Machakos nikaenda Masii na kamera kwenye mfuko. Sikuwa nimepanga kumwambia Baba. Nilikuwa nimepanga kuirudisha kwenye msumari kimya kimya. Lakini alikuwa nyumbani, amekaa nje anachambua mbaazi, akanyoosha mkono hata kabla sijasalimia.

Aliishika kama mtu anayemshika mtoto wake aliyetoka hospitalini. Kidole gumba chake cha kushoto kilienda chini ya lenzi, kikatafuta, kikazunguka, kikakosa. Akaigeuza akaiangalia vizuri.

"Hii haina pete."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama fundi wa gari anavyosema hili tairi limeisha.

Pete ni ule mzunguko wa karibu na mwili wa kamera wenye namba 2, 2.8, 4, 5.6, mpaka 22. Ndiyo inayofungua na kufunga tundu la mwanga. Kwenye kamera kama K1000 hakuna njia nyingine ya kulipanga tundu. Mwili haujui. Hakuna kompyuta, hakuna waya, hakuna kitufe. Betri yenyewe, ile ndogo ya LR44 ambayo hata fundi wa saa anayo, ni ya mita peke yake; ukiitoa, shata inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Lenzi niliyonunua ni ya familia wanayoiita DA, iliyotengenezewa kamera za dijitali, na hizo tundu lao linapangwa na kamera yenyewe. Ukiivalisha kamera ya zamani, inabaki bila mtu wa kuipa amri.

Lakini hapo ndipo penye ujanja. Kwa nini dirishani nilikuwa naona vizuri?

Baba alifungua mgongo wa kamera. Akaweka shata kwenye B, akavuta mkono wa filamu, akaninyoshea ile kamera upande wa nyuma, kuelekea juani. "Angalia hapa." Akabonyeza kitufe akakishikilia. Nikaona tundu. Lilikuwa dogo kama limechomwa na sindano.

"Ukitazama dirishani inakaa wazi, ili uone," alisema. "Ukibonyeza, inafunga. Hii inafunga mpaka mwisho, kila mara. Umepiga harusi ya watu kupitia tundu la sindano."

Na mita, ambayo kwa kawaida huambiwa na ile pete tundu liko wapi, haikuambiwa chochote. Ilikuwa inanijibu tu ili nisijisikie vibaya. Zile pembe tupu nazo zilikuwa na sababu yake: lenzi hizo hutupa picha inayotosha sensa ndogo ya dijitali, na filamu ya mm 35 ni kubwa kuliko hiyo. Kila kitu kilikuwa kimeingia mahali pake, na hakuna kilichokuwa kinaongea na mwenzake.

Nililala Masii siku mbili. Kuna mtandao kidogo ukikaa karibu na tangi la maji, na hapo ndipo nilisoma. Sikuwahi kusoma hivyo chuoni, nakuambia ukweli.

Pentax walianza mdomo huu wanaouita K mwaka 1975, na K1000 ikatoka mwaka uliofuata, ikaendelea kutengenezwa mpaka 1997. Mdomo wenyewe haujabadilika umbo kwa miaka hiyo yote, ndiyo sababu lenzi ya juzi inaingia kwenye kamera ya zamani na kulia klik. Kilichobadilika ni mambo ya ndani. Kwa hiyo usiulize kama inaingia. Tafuta herufi. Lenzi za kwanza za K, halafu zilizoandikwa M, halafu A, F na FA, zote zina pete, zote zitafanya kazi. Zilizoandikwa FA J na DA, achana nazo, hata ukipewa bure. Na zile za A zina mtego wake: kwenye pete, baada ya 22, kuna herufi A ya kijani. Usiiache hapo kwenye K1000. Pale A lenzi inasubiri kamera iamue, na kamera yako haijawahi kuamua kitu, kwa hiyo inarudi kulekule kwenye tundu la sindano.

Jambo lililonishangaza ni kwamba si lazima iwe Pentax. Ricoh walitumia mdomo huohuo. Chinon na Cosina pia. Tamron walikuwa na lenzi ambazo unabadilisha mdomo wake tu nyuma, unanunua ule wa K unafunga. Baadhi ya zile za Ricoh zina pini ya ziada ambayo inaweza kukwama kwenye Pentax za kisasa za fokasi ya kujiendesha, mpaka kuitoa lenzi iwe vita, lakini K1000 haina tundu la kuikamata, inapita salama. Yule kijana aliniambia Pentax ni Pentax. Kumbe Ricoh ya zamani ni Pentax kuliko Pentax aliyoniuzia.

Canon na Nikon, hapana. Midomo yao ni tofauti, na hata ukipata adapta kuna suala la umbali. Kila kamera huishikilia lenzi umbali fulani kutoka kwa filamu. Pentax ni mm 45.46. Canon za zamani za FD ni mm 42. Chukua lenzi iliyozoea kukaa mm 42, uiweke mm 45 na zaidi, itaona vitu vya karibu tu. Mlima hautawahi kuwa kwenye fokasi. Baba anaijua hiyo bila namba. Anasema, "Lenzi ya Canon kwa hii ni kama miwani ya jirani."

Niliporudi Nairobi nilianza kupanda ngazi. Kuna fundi wa kamera, jengo la zamani upande wa River Road, ghorofa ya tatu, mlango hauna jina. Anauza kwa wanaomjua tu. Niliingia hapo mara tatu kabla hajaniuzia kitu, na sidhani ni kwa sababu ya bei. Nadhani alikuwa anataka kuona kama nitarudi.

Mara ya kwanza alinitolea Helios, ya Kirusi, 44-2, mm 58, iliyotoka kwenye Zenit. Elfu 3. Nzito kama jiwe, nzuri ajabu, nyuma ya mtu inazungusha majani kama yanaingia kwenye kimbunga. Hiyo haina mdomo wa K, ina nyuzi, unaifunga kama skrubu ya mm 42, mtindo ambao Pentax wenyewe walikuwa wanautumia kabla ya 1975. Umbali wake kutoka kwa filamu ni uleule, 45.46, kwa hiyo ukipata adapta nyembamba, ile inayozama yote ndani ya mdomo, unaona mpaka ukingo wa mbingu. Adapta nene za bei rahisi zenye ukingo wa nje zinakuibia hiyo milimita moja na unarudi kwenye habari ya miwani ya jirani.

Nilimpigia Baba simu nikiwa nimeishika.

"Helios itapiga," alisema. "Lakini unafungua tundu ndiyo uone, unalenga, unafunga kwa mkono, halafu ndiyo unabonyeza. Unapiga mti?"

"Hapana. Watu."

"Watu hawangoji."

Nikairudisha. Bado naifikiria, sitadanganya.

Mara ya pili kulikuwa na SMC Pentax-M ya mm 50, f/2. Hiyo ndiyo iliyouzwa na K1000 nyingi zikiwa mpya, na ndiyo aina aliyokuwa nayo Baba. Moyo uliruka. Baba alikuwa amekwaruza herufi mbili za jina lake kwa sindano chini ya pete, kwa sababu pale Uhuru Park vitu vilikuwa vinapotea. Niliigeuza mara moja nikatafuta. Hakukuwa na kitu.

Haikuwa yake. Sijui kwa nini nilidhani ingekuwa. Nairobi ina lenzi ngapi?

Halafu nikawasha tochi ya simu nikaimulika kutoka nyuma, kama nilivyoelekezwa. Mkwaruzo mmoja mbele, hiyo si neno. Vumbi ndani, si neno, kila lenzi ya umri huo ina vumbi. Lakini pembeni, ndani kabisa, kulikuwa na nyuzi nyeupe zimesambaa kama mizizi. Kuvu. Lenzi ikikaa kwenye mfuko wa ngozi ndani ya kabati lenye unyevu miaka kumi, kuvu wanajenga. Wakianza kula ile rangi ya juu ya kioo, hata ukiwasafisha alama inabaki.

"Hiyo haionekani kwa picha," fundi alisema.

"Najua kidogo itaonekana nikipiga kuelekea jua."

Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Nani amekufunza?"

"Mzee wangu. Alikuwa Uhuru Park."

Akauliza jina. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema hamkumbuki, walikuwa wengi. Nilipenda kwamba hakudanganya.

Mara ya tatu alikuwa ameniwekea nyingine, M ileile, 50 f/2, kwenye mfuko wa plastiki wa mkate. Niliifanyia kila kitu. Nikamulika: safi. Nikazungusha pete, nikasikia inagota kila namba, haiko legelege. Nikasukuma kile kijiti cha nyuma kwa kucha, nikaona majani ya tundu yanafunga na kufunguka haraka, makavu, hayana mafuta. Mafuta yakiwapo yananata, tundu linachelewa kufunga, na picha inaungua kwa mwanga. Nikaivalisha kamera, nikatikisa, haichezi. Nikafungua mgongo, B, tundu kwenye 2, nikabonyeza: duara kubwa. Kwenye 8: dogo. Kwenye 22: sindano. Nilifanya hivyo mara kadhaa zaidi ya ilivyohitajika.

"Elfu 7," fundi alisema.

"Fundi, mimi ni mwandishi."

"Sasa mimi nifanye nini na hiyo?"

Tulifika elfu 5 na mia tano. Zilikuwa malipo ya makala kumi na moja kuhusu godoro za mgongo. Ile DA niliiuza kwa mwanafunzi mwenye Pentax ya dijitali, na nilimwuliza mara mbili kamera yake ni gani kabla sijapokea pesa.

Nilirudi Masii Jumamosi. Safari hii nilimpa Baba kamera ikiwa na lenzi yake, sikusema kitu, nikakaa kwenye kibao nikaanza kumsaidia kuchambua. Kidole gumba kilienda chini ya lenzi. Kikapata. Nilisikia pete inagota: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11. Ikasimama pale 11. Halafu akaigeuza juu chini, akaileta karibu na macho, akatafuta zile herufi zake mbili. Nilimwona anatafuta na yeye aliona nimemwona.

"Si ile," nikasema.

"Si ile," akasema.

Akaweka fokasi kwenye mita 3 bila kuangalia. Akainua macho akapima hatua kutoka hapo alipo mpaka kwa Susu, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe na redio yake. Hatua zilikuwa nyingi mno. Akashusha kamera.

"Chuo," alisema, akiwa bado anaangalia lenzi. "Ni kupumzika ama ni kuacha?"

Miaka miwili nilikuwa nikingoja hilo swali, na nilikuwa na hotuba nzima nimeiandaa. Nilikuwa na kipande kuhusu uchumi.

"Ni kuacha, Baba."

"Haya."

Mbaazi zilikuwa zinaanguka kwenye sufuria. Susu aliongeza sauti ya redio.

"Hii ulinunua ngapi?"

"Elfu 4," nikadanganya.

"Mimi ile niliuza elfu 3." Akacheka kidogo, kwa pua. "Na nilikuwa nimefurahi, nilidhani nimempiga yule mtu."

Aliniuliza kama kuna filamu ndani. Nikamwambia ipo, ya 200, nimepiga picha mbili tu. Akasimama, akapiga magoti yake vumbi, akaanza kutembea kuelekea mwembe huku midomo ikihesabu. Alisimama mbele ya Susu. Akamwambia kitu kwa Kikamba, kitu kama, usicheke sana, mama. Susu akamtukana. Nikasikia shata.

Alirudi akanipa kamera mkononi, halafu akanyoosha kiganja kingine kama anadai kitu. Sikuelewa.

"Kifuniko," alisema. "Hii haina mahali pa kuzima. Mita ikiona mwanga inakula betri usiku na mchana. Na utafute 28. Hii ni ya mtu mmoja, wawili. Hatutaenea."